Nyekundu kwenye Chati ya Saluni

Mimi ni mwoga, na woga wangu huuficha nyuma ya kazi nyingi. Chuo kiliponiagiza niandae mtaala wa shahada ya uzamili ya lean management, yaani ujuzi wa kuendesha kazi bila kupoteza muda wala nguvu, nilikubali haraka ili nisionekane ninatetemeka. Sikuwa nimefanya kazi kiwandani hata siku moja. Na mtaala wenyewe ungepitishwa na waajiri, watu ambao wangegundua hilo mara nikifungua mdomo.

Nilihitaji mfano wa kazi halisi. Niliupata nikiwa nimekaa Kenyatta Market nikisukwa rasta, katika saluni ninayokwenda miaka yote. Pale wasusi wawili hushika kichwa kimoja, kila mmoja upande wake, na kando yao mama mzee kwenye stuli huchambua nywele za bandia na kuwapa fungu kwa fungu. Nikawasha saa ya simu chini ya leso, nikapima kila tendo. Nyumbani Mountain View nikachora chati: kijani kwa kazi, nyekundu kwa upotevu. Mstari wa yule mama ulikuwa mwekundu karibu wote. Muda mwingi hakuchambua chochote, alikaa tu akinitazama. Nikaandika: anangoja.

Kisha nikajiona mwerevu. Nikamwalika mwenye saluni kwenye kikao cha kupitisha mtaala, maana naye ni mwajiri.

Tulikutana Kilimani, katika chumba chenye baridi ya mashine, na bado jasho lilinitoka. Meneja wa kiwanda kimoja akanyooshea ile nyekundu kidole.

"Huyu anafanya nini?"

"Anachambua nywele. Halafu anangoja."

"Si wasusi wajichambulie? Hapo umeokoa mshahara mzima. Wanafunzi wako wakiweza kuona hivi, niletee hata kesho."

Wakacheka, wakapiga makofi. Nami nilifurahi, lakini si kwa muda mrefu. Mwenye saluni hakucheka. Alikunja nakala yake ya chati mara mbili, akaitia mkobani. Nilijua karatasi ile inaelekea kwa nani. Ningeweza kusimama niseme kwamba ni mfano tu, kwamba nilipima mara moja na tena kwa simu. Niliogopa kuharibu makofi. Nikafungua ukurasa uliofuata.

Mtaala ukapita. Wiki nyingi nilifunga kitambaa kichwani ili nisiende sokoni. Jumamosi kabla ya kuanza kufundisha, na chati ile ikiwa ndiyo somo la kwanza, nikajikaza nikaenda. Stuli ilikuwa palepale. Juu yake walikuwa wameweka beseni.

"Mathe ako wapi?" nilimuulizia yule mama.

"Mimi sikumfuta kazi, mwalimu," mwenye saluni alisema. "Niliweka tu karatasi yako hapo kwa ukuta. Akaisoma yote, akachukua kikapu yake akaenda. Si wewe ndio uliandika anangoja?"

Nilikaa kitini, wasusi wakaanza. Walijichambulia wenyewe, na kweli walikwenda mbio. Walipofika mbele walivuta ngozi mpaka machozi yakanitoka, na hapo ndipo nilipoikosa sauti ya yule mama. Miaka yote ni yeye aliyekuwa akisema, "Legeza hapo mbele, huyu ni mtu si gunia." Wasusi hawaioni sura ya mteja, macho yao yako kwenye nywele. Yeye alikuwa akiiangalia.

Nilimwomba mwenye saluni namba yake, nikampigia simu nikiwa bado kitini. Nilitaka kumwomba msamaha, na niliogopa kwamba atanitukana, na kwamba ana haki.

"Woi, mwalimu!" akasema kwa furaha. "Umesukwa leo?"

"Ndiyo, mama."

"Na wamekulegezea hapo mbele?"

Wasusi walikuwa wamesimama juu yangu, karatasi yangu iko ukutani mbele ya macho yangu, na paji la uso linawaka moto.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Wamelegeza."