Ndoo za Mchanga na Nyumbu wa Baba

Mwaka 1943, nikiwa na miaka sita, Wazungu walimchukua baba yangu akapigane vita visivyomhusu, huko Burma. Shida zangu zilianzia hapo. Mama alibaki na jembe moja na sisi watoto, na shule mimi niliishia darasa la pili. Anayetafuta Kiswahili cha wasomi asiendelee kunisoma.

Baba alirudi na koti la jeshi na hadithi moja. Kazi yake kule ilikuwa kuchunga nyumbu. Sisemi nyumbu wa mbugani wanaopigwa picha na watalii. Nasema yule mtoto wa punda na farasi, mbeba mizigo. Hadithi hiyo nilikaa nayo kifuani miaka yote, kumbe ilikuwa inamngoja mwinjilisti wetu.

Mwinjilisti wetu ni kijana wa viatu vilivyochongoka. Kanisa letu liko juu mgongoni mwa mlima, njia ya kwenda Mtae, na mchanga uko bondeni, mtoni. Mwaka jana kamati ya wazee iliamua kujijengea ukumbi wa vikao, maana wazee wetu hawawezi kukubaliana jambo wakiwa wamekalia mabenchi ya watu wote. Sasa nani apandishe mchanga? Wazee wanaumwa magoti. Vijana wako kwenye pikipiki. Wakabaki watoto wa shule ya Jumapili, ambao hawana kitu ila shingo.

Ili shingo zikubali, mwinjilisti akatunga somo. Aliwaonyesha kwenye simu picha za wanyama waliotumika vitani: njiwa wa kupeleka barua, mbwa wa kunusa mabomu, na nyumbu aliyebebeshwa risasi akipanda mlima. "Mmemwona? Analalamika huyu? Huo ndio unyenyekevu wa Kikristo. Haya, ndoo!"

Kitukuu changu, binti wa darasa la tatu, alirudi nyumbani shingo imekakamaa. Ukimwita, anageuka mwili mzima kama mlango.

"Mbona hukusema umechoka?" nikamuuliza.

"Babu, nyumbu hasemi."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana Jumapili iliyofuata alitakiwa kubeba tena.

Kabla haijafika, mwinjilisti akaja mwenyewe mlangoni. "Shikamoo, mghosi," akasema, maana ndivyo sisi Washambaa tunavyomwita mzee kwa heshima. "Nasikia marehemu baba yako alikaa na hao wanyama. Njoo uwaambie watoto. Wakisikia kwa mzee watabeba vizuri."

"Marahaba. Nakuja," nikasema. Nikalitoa koti la baba nikalianika juani.

Siku ile watoto walikaa chini, kila mmoja na ndoo yake. Kamati ilikaa kwenye viti barazani, tai shingoni, ikisimamia unyenyekevu. Nikasimama.

"Watoto, ni kweli nyumbu wa baba yangu walikuwa kimya. Porini mnyama akilia, adui anajua mlipo. Basi kabla ya safari daktari wa jeshi aliwalaza, akawapasua koo, akakata kinachotoa sauti. Baba ndiye aliyewashika vichwa. Toka hapo nyumbu akifungua mdomo alie, unatoka upepo tu. Na waliompita njiani walisema, lo, mnyama mpole huyu!"

Mwenyekiti wa kamati akakohoa. Kitukuu changu akageuka mwili mzima kunitazama.

"Babu, na Yesu walimkata?"

"Hawakumkata. Alisema, na kwa kusema wakamuua. Na alipoinama kuosha watu miguu hakuna aliyemvuta kwa kamba. Mle ndani mkubwa alikuwa yeye, akainama kwa hiari yake. Ninyi hamjainama. Mmeinamishwa."

"Mghosi, unatuharibia watoto!" mwenyekiti akaruka.

"Nawatengeneza wazee, mwenyekiti. Ndoo hiyo hapo."

"Mimi naumwa mgongo."

"Na nyumbu mgongo wake ulikuwa wa nani?"

Watoto wakaangua kicheko. Mwenyekiti ana kiburi kama mimi, na kiburi hakipendi kuchekwa na watoto. Akainyakua ndoo akashuka nayo mtoni na suti yake. Alipopanda, tai ilikuwa mgongoni na ndoo ilikuwa nusu. Na hakuwa kimya. Alilalamika njia nzima, kwa Kishambaa, maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu kitabu hiki kitaingia nyumba za Wakristo.

Jumapili ya pili yake likasomwa tangazo: kamati imeomba, imetafakari, imeona mabenchi yanatosha. Ule mchanga watoto wanauchezea. Mwinjilisti sasa anafundisha habari za Nuhu, ambako wanyama walipewa usafiri bure.

Shingo ya kitukuu imepona. Watu wanasema mimi sina unyenyekevu. Kweli sina. Nilipanda viazi nikiwa peku kwenye baridi hii mpaka nikanunua shamba, na sikushikwa mkono na mtu. Lakini sijambebesha mtoto mzigo wangu nikauita neno la Mungu.

Leo nina shamba la viazi na kabeji. Nina mipeasi iliyopandwa kwa mkono huu. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati, na koti la jeshi lililoliwa na nondo. Nina punda mmoja. Anashinda jirani na kanisa, na hulia mahubiri yakiwa katikati. Mwinjilisti ameniomba nimhamishe. Bado nafikiria.