Golikipa wa Darasa la Umeme

Orpha alikuwa na miaka thelathini na saba alipojiandikisha kusomea umeme katika chuo kimoja cha ufundi Johannesburg. Miaka kumi na miwili alikuwa amesuka nywele za watu katika mtaa wa Berea, mpaka vidole vikachoka. Darasani walimwita Mama Orpha, maana wenzake wengi hawakumzidi sana umri bintiye, Gaëlle, aliyekuwa na miaka kumi na sita.

Jioni moja ya Februari, akipita uwanjani na begi lake, aliikuta timu ya wasichana ya chuo mazoezini. Golikipa wao alikuwa amehamia Durban, na golini amesimama nahodha Lerato, beki hodari ambaye mpira ukija anafumba macho. Orpha alitazama mabao manne yakiingia, uvumilivu ukamwisha.

"Huyu binti anaogopa mpira!" alisema kwa sauti.

Kocha Elisante akageuka. Alizaliwa Morogoro, mama Mtanzania na baba mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na Kiswahili hakikuwahi kumtoka.

"Kwani wewe unaweza, dada?"

"Nilikuwaka golikipa kule Uvira, Congo, mbele ya kuolewa."

"Haya, weka begi chini tuone."

Alipigiwa mipira kumi, akadaka saba. Nyumbani Gaëlle alimwambia kwa Kiingereza kwamba akivaa kaptura mbele za watu, yeye atahama shule.

Shida ilikuwa lugha. Presha ikipanda, Kiingereza chote kilimpotea Orpha, akabaki kupiga kelele, "Rudi! Kushoto! Toka naye!" Mabeki wakasimama wakimshangaa, na hivyo ndivyo walivyofungwa bao la kwanza la msimu. Lerato hakununa. Alimletea kalamu, akamnyooshea mkono aandikiwe maneno hayo na maana zake. Baada ya wiki tatu mabeki wote wanne walikuwa wakicheza kwa Kiswahili, na wapinzani hawaelewi neno. Mechi kumi na mbili za ligi: walishinda kumi na moja, wakatoka sare moja, wakafungwa mabao matatu tu. Chuo kilikuwa hakijawahi kuvuka nafasi ya tano.

Fainali ya ubingwa ilichezwa Jumamosi, dhidi ya chuo cha Pretoria. Lerato alifunga kwa kichwa mapema. Zikibaki dakika tano, refa akaonyesha penalti. Orpha aliruka kulia, mpira ukaenda kushoto, ukagonga mwamba, ukarudi ukampiga kwa nyuma na kutoka nje.

"Imeingia?" alimuuliza Lerato, akiwa bado kifudifudi.

"Eish, Mama, umeizuia kwa makalio!"

Kona ikapigwa. Orpha akatoka golini akipaza sauti, "Wangu!" Mabeki wakampisha, akaupiga ngumi ukafika katikati ya uwanja. Huko jukwaani Gaëlle, msichana wa kusema Kiingereza tu, alikuwa amesimama juu ya kiti. "Mama! Mama yangu huyo!" Alisema hivyo kwa Kiswahili, mara tatu.

Filimbi ilipolia, wasichana walimbeba mabegani, wakayumba naye, wakamwangusha, wakambeba tena.

Alasiri timu nzima ilijazana kwenye fleti yake Berea, wengine wameketi sakafuni, wakila fufu na sombe, ugali na kisamvu cha kwao Congo. Lerato aliongezwa mara mbili.

Jumatatu Orpha alifanya mtihani wa kufunga nyaya, kiwiko kimevimba. Alipata sabini na nane kwa mia.