Somo Asiyeweza Kumfunda Mwanawe

Mama mdogo Rabiata alikuwa somo, mwanamke anayemfunda bibi harusi mambo ya unyumba. Miaka ile ya Wafaransa, hapa mtaani kwetu Mahabibo, hakuna harusi ya Wangazija iliyopita bila yeye. Alifunda kwa kicheko, bila kuzunguka, na wanawali walitoka chumbani wameinua vichwa.

Ila mwanawe Roukia hakuruhusiwa kumfunda. Kwetu mama akitamka mambo hayo mbele ya bintiye amevunja heshima, basi. Somo wa Roukia alishachaguliwa zamani, Bi Kalathoumi, na kuleta mwingine ni kumtukana wa kwanza hadharani. Mimi niliiona mila hii kuwa ya kijinga, nikasema, nikaambiwa ninyamaze.

Roukia, mwenye miaka ishirini, alikuwa amesoma kwa masista. Kitabu chao cha viumbe kilikuwa na kurasa mbili zilizogandishwa pamoja kwa uji zisifunguke. Alipouliza kwa nini, sista alimjibu, "Mama yako atakueleza."

Wiki ya harusi Bi Kalathoumi alikuwa Andilana, kule kisiwani Nosy Be, akimuuguza dada yake. Tulimpelekea telegramu. Akajibu kwamba angefika Jumamosi. Ndoa ilikuwa Alhamisi, ng'ombe wameshanunuliwa, na wakwe hawakutaka hata kusikia habari ya kuahirisha.

Jumatano alasiri mama mdogo aliingia chumbani kwa Roukia, akafunga mlango. Nilikuwa kizingitini nikichagua mchele, nikamwomba Mungu ampe ujasiri.

"Mama, kesho kuna nini?" Roukia aliuliza. "Naogopa."

Nikasikia sauti ya mama mdogo, kavu: "Mumeo Bacar hapendi chumvi nyingi."

Alitoka, akaketi kando yangu, akaanza kuchagua mchele niliokwisha kuuchagua. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia vibaya sana.

Bacar alikuwa mtu mpole, lakini naye hakufundwa na mtu.

Jumatatu tulikwenda kumtazama bibi harusi. Bi Kalathoumi alikuwa amefika, akajisogeza karibu naye. Roukia hakumjali. Alimkabili mama yake.

"Nilidhani nimeumia, kwamba nitakufa," alisema. "Siku tatu nimelia peke yangu. Rafiki zangu Hasnati na Ansoifa walipoolewa walijua kila kitu."

"Somo wako alikuwa mbali, mwanangu."

"Wao uliwaambia wewe, mama."