Kifurushi Kwenye Meza ya Flavia

Wauza chapati wawili walikuwa wameikimbia meza ile kabla ya Flavia, na kila mtu sokoni Konyo Konyo alijua walichokimbia: uchawi. Flavia naye aliambiwa. Akaikodi hivyohivyo, maana alikuwa mjane aliyehamia kutoka Masaka, mwenye watoto wa kulisha, na hakupata meza nyingine.

Asubuhi moja akakuta kifurushi: kitambaa cheusi, manyoya ya kuku, uzi mwekundu, vyote vimefungwa kwenye mguu wa meza.

"Usishike, yaa mama!" Athok, muuza chai wa jirani, alirudi nyuma na birika lake. "Hiyo anafungua kujur peke yake. Mganga. Mpelekee mbuzi mweusi."

"Watoto wangu hawajaonja mbuzi, nimpe yeye?"

Flavia akampigia simu mchungaji wa kanisa lake, mtaa wa Gudele. Mchungaji akamwambia asiguse kitu, asubiri mkesha wa Ijumaa.

"Mpaka Ijumaa watoto wale nini, Pasta?" Akakata simu.

Aliogopa, asikudanganye mtu. Giza la hofu hiyo alilijua. Lililala naye tangu alipomzika mumewe, likimnong'oneza, ondoka, rudi kwenu. Akapiga magoti vumbini, watu wakitazama, akasema kwa sauti:

"Yesu, mimi iko hapa. Siondoki. Wewe pia usiondoke."

Akaukata uzi kwa meno, akakitupa kifurushi kwenye mkaa wa moto jikoni pake. Manyoya yakanuka, yakajikunja, yakaisha. Akabandika kikaango juu ya moto uleule.

"Chapati ya shetani hiyo!" akapiga kelele Wasswa, dereva wa boda boda, kutoka kijiweni kwao.

Hakuna aliyenunua. Flavia akala ya kwanza mwenyewe, taratibu, akiwakazia macho. Nyingine zikapoa. Akaendelea kukaanga.

Mchana njaa ikamshinda Wasswa. Akaja, akauma, akatafuna, wenzake wakimtazama. Ghafla akajishika koo, akaanguka, miguu ikirusha vumbi. Athok akapiga yowe.

Flavia akamwinamia na mti wake wa kusukumia chapati. "Lipa kwanza, mjinga wewe, ndipo ufe."

Wasswa akacheka hadi akapaliwa kweli. Madereva wakashuka kwenye pikipiki zao, mmoja akifanya ishara ya msalaba kabla ya kuuma.

"Ongeza chumvi, Mama," akasema huyo.

"Chumvi iko. Kaa ule," akajibu Flavia, na akafungua unga mwingine.