Msinipe Vema ya Huruma

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilitoka chuoni, mtaa wa Picha ya Ndege, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani Sofu, daftari nimelifungua kifuani ili kila ninayepishana naye alione. Kurasa nne nzima, na kila jibu lina alama ya vema kwa wino mwekundu. Hakuna mkasi, ile alama ya kosa, hata mmoja. Niliwaonyesha wanangu, nikamwonyesha jirani, na kama mbuzi wa jirani angesimama vizuri ningemwonyesha na yeye.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Usicheke. Ukifika nilipofika leo utaona kwamba arobaini na moja ni ujana kabisa, meno yote yapo na magoti hayajaanza kununa. Nilikuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali hapa Kibaha. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai, na kubeba majalada kutoka meza hii kwenda meza ile. Karani wa masijala, chumba kile cha kutunzia majalada yote ya ofisi, alikuwa anakaribia kustaafu. Afisa utumishi akaniambia, "Mwajuma, ukipata cheti cha masijala tutakujaribu." Mimi nilikuwa nimeibeba ofisi ile mikononi miaka kumi na minne bila kujua kilichoandikwa ndani yake. Nikaitaka nafasi ile kwa moyo wangu wote, na wala sioni haya kusema hivyo.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanafunzi wengi walikuwa vijana waliotoka kidato cha nne, na sisi watu wazima tulikuwa saba tu, tukikaa nyuma. Mwalimu wetu, Baraka, alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Kila Jumamosi kabla ya kufungua somo alikuja mpaka kwenye kiti changu. "Shikamoo, mama." Nami namjibu, "Marahaba, baba." Kisha anafundisha, na akimaliza anatugeukia sisi wa nyuma. "Wazazi wangu, tumeelewana?"

Nami najibu, "Ndiyo, mwalimu."

Nilikuwa sijaelewa kitu. Lakini niambie wewe, mtu mzima mwenye adabu zake atamwambiaje mwalimu "sijaelewa" mbele za watu? Kwetu ni kama kumwambia hajui kufundisha. Na yeye, kwa upande wake, alinionea haya. Hayo niliyajua baadaye, na niliyajua kwa gharama ya mtu mwingine.

Siku karani alipougua, afisa utumishi akaniita. Alikwisha kusikia habari za daftari langu, maana nilikuwa nimelionyesha ofisi nzima. Akanipa barua za wiki ile nizipange kila moja kwenye jalada lake. Nikafanya kwa mbwembwe, mwanangu, huku naimba. Kati ya barua zile kulikuwa na ya daktari, inayomhusu Dafroza wa mapokezi. Ilieleza ugonjwa wake na kuomba apunguziwe kazi. Mimi nikaifunga kwenye jalada la wazi, lile linalozunguka ofisi yote kwa mambo ya likizo. Barua ya namna ile huwekwa kwenye jalada la siri, chini ya kufuli. Sikujua.

Jalada likazunguka. Kufikia Ijumaa, Dafroza akipita koridoni watu wananyamaza. Mmoja akaacha kunywa kwenye kikombe ambacho yeye amekigusa. Dafroza alikuwa mwanamke mcheshi, kicheko chake ulikisikia kutoka getini, na mchana ule nilimkuta amesimama nyuma ya jengo, amegeukia ukuta.

Nikamwambia, "Dafroza, nisamehe. Sikujua."

Akaniangalia. "Hukujua, au hukuuliza?"

Swali lile ninalo mpaka leo.

Afisa utumishi naye hakunikemea, na ingekuwa heri angenikemea. Alicheka kidogo akasema, "Mama Mwajuma, wahenga hawakukosea. Samaki mkunje angali mbichi. Wewe rudi kwenye chai, tutatafuta kijana." Akaahidi kwa shingo upande kwamba baada ya miezi mitatu, ikiwa bado sijakata tamaa, atanijaribu mara moja tu, ya mwisho.

Nyumbani nikalifungua daftari kutafuta mahali nilipopotea. Nikapakuta. Ukurasa wa tatu, swali la sita: barua ya daktari kuhusu mtumishi itawekwa wapi? Nilikuwa nimejibu, "Jalada la wazi." Na pembeni yake, kwa wino mwekundu, kuna alama ya vema nzuri kabisa, imevutwa mkia. Nililia kwa hasira. Kosa lile lile lililomvua nguo Dafroza lilikwisha kupita mbele ya mwalimu wangu, na mwalimu akaliacha lipite.

Jumapili nikaenda Kisarawe, kwetu Chole. Si Chole ya kisiwani Mafia, ni Chole yetu ya mihogo na mikorosho. Nilimfuata shangazi yangu, Bi Mwanahawa, nikitaka anibembeleze. Alikuwa na umri wa kupita sitini, na mwaka ule ndio kwanza alikuwa anasoma msahafu katika madrasa ya akina mama. Nikamsimulia yote, huku nikingoja anipe pole.

"Huyo mwalimu wako, anakukosoa?" akaniuliza.

"Hapana, shangazi. Ana adabu sana yule kijana. Kila siku ananiamkia..."

"Sikukuuliza adabu yake. Anakukosoa?"

"Hapana."

"Basi kakudharau." Akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea. "Sikiliza. Miye nafundishwa na binti niliyempokea kwa mikono hii siku anazaliwa. Nikifika pale ananiamkia, tena kwa kupiga goti. Nikifungua msahafu, ananikatisha kila herufi. Herufi moja tu amenirudisha nayo Jumatatu mpaka Alhamisi, hata nikatamani kumzaba kibao. Lakini yule akinionea haya, nitasimama na kisomo gani mbele ya Mola wangu? Na weye ulipokuwa huelewi, ulimwambiaje?"

"Nilisema ndiyo, mwalimu."

"Ala! Kumbe mlikuwa waongo wawili mnaheshimiana." Akaurudia ungo wake. "Mficha uchi hazai, Mwajuma. Nenda kauonyeshe ujinga wako, uzae."

Hakunipa pole hata kidogo. Alinipa mihogo nusu kiroba na kunisindikiza njiani.

Jumamosi iliyofuata Baraka alipokuja na shikamoo yake, niliijibu, kisha nikasimama. Darasa zima likanigeukia. Nikamfunulia ukurasa wa tatu.

"Mwalimu, swali la sita nimepata au nimekosa?"

Akaangalia, uso ukabadilika. "Mama, ulijitahidi vizuri..."

"Sikukuuliza jitihada zangu. Nimepata au nimekosa?"

"Umekosa, mama."

"Mbona umeniwekea vema?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu mzazi ana umri kama wako. Nitamwekeaje mkasi mbele ya hawa wadogo zangu?"

Vijana mbele wakaanza kucheka. Nikawaambia wacheke wamalize, kwa sababu mimi siondoki. Nikawasimulia habari ya barua bila kutaja jina la mtu, na kicheko kikakatika chenyewe. Kisha nikamwambia Baraka, "Na mimi nimekukosea. Kila nilipokujibu ndiyo, nilikuwa nakudanganya. Sijaelewa chochote tangu tulipoanza. Chukua kalamu yako uanze upya."

Akapiga. Mikasi kumi na mmoja katika kurasa nne. Iliniuma, siwezi kukuficha. Kujikweza ni rahisi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kiuno cha mtu mzima kikiinama mara ya kwanza kinalia.

Tangu siku ile watu wazima saba tulibaki saa moja baada ya wenzetu kuondoka. Tukawekeana sharti kwamba shikamoo inaishia mlangoni. Ukishaketi wewe ni mwanafunzi, hata kama una wajukuu. Neno "nimeelewa" tukalipiga marufuku, aliyeelewa aonyeshe. Mwenzetu mmoja, dereva wa lori mwenye sauti ya radi, alikuwa wa kwanza kusema "mimi sijui hata tulipoanzia," na tukampigia makofi. Baraka naye akajifunza. Tukikwama, haongezi sauti kana kwamba sisi ni viziwi, bali anaacha maneno ya kitabuni na kutafuta njia nyingine, mara jiko na makabati yake, mara kitanda na uvungu, mpaka mtu ashike.

Mkuu wa chuo hakupendezwa. Akaniita ofisini, akanikalisha vizuri. "Mama, mnajisumbua bure. Nyie watu wazima tunawapa cheti cha kuhudhuria, mnafurahi, na mtihani waachieni vijana. Uzee nao una mipaka yake."

"Cheti cha kuhudhuria kipeni kiti changu," nikamwambia. "Kile kimehudhuria hata siku ambazo mimi sikuja. Na huo uzee wenu, mjini wanasema mwisho wake Chalinze. Hapa ni Kibaha, mlangoni mwa Dar, Chalinze tumeshaiacha nyuma."

Akachoka mwenyewe. Chumba akatuachia, akatuwekea sharti kwamba tufagie wenyewe. Kufagia, mwanangu! Kazi niliyokuwa naifanya miaka kumi na minne.

Miezi mitatu ikatimia. Afisa utumishi akaniletea rundo la barua zilizochanganywa makusudi, akaketi na saa yake mezani. Nikapanga, moja moja. Nikafika kwenye moja iliyonitatiza. Ilikuwa ya mtumishi anayeomba likizo, ya kawaida kabisa, ila katikati ametaja mgogoro wake na mumewe. Ni ya wazi au ya siri? Nikaigeuza. Moyo ukaniambia, bahatisha, Mwajuma, ukiuliza utaonekana hujui. Nikaijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa inajibu "ndiyo, mwalimu."

Nikainuka nikaenda mbele yake. "Hii sina hakika nayo. Naomba unielekeze."

"Unauliza katikati ya jaribio?"

"Nauliza. Safari ile sikuuliza, na aliyelipa ni Dafroza."

Akavua miwani. Aliangalia barua, akaniangalia mimi, na hakurudia tena habari za samaki. Akanielekeza iende jalada la siri. Nikamaliza rundo lile, na nyingine zote zilikuwa mahali pake. Cheti nilikipata mwishoni mwa mwaka, kwa mtihani uleule waliofanya vijana, na wenzangu wanne kati ya wale saba walikipata pia. Dereva alifeli, akarudia, akafaulu. Mimi nikakabidhiwa ufunguo wa masijala.

Dafroza alikuwa hajanisalimu tangu siku ile ya ukutani. Simlaumu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile miezi mingi siku aliposimama mlangoni na bahasha imefungwa. Ilikuwa ya daktari. Angeweza kuipitisha kwa bosi. Akaja mpaka mezani kwangu, akaiweka mkononi mwangu mwenyewe.

"Hii utajua pa kuiweka," akasema.

Nikaifungia kwenye kabati la siri akiwa anaona, nikazungusha ufunguo mara mbili. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Alipofika koridoni nikamsikia anamtania mtu, na anacheka kile kicheko chake. Nikaweka kichwa mezani nikalia tena, safari hii bila hasira.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikuambie nililokuitia. Nyinyi vijana ndio walimu wetu siku hizi. Mnatufundisha simu, mnatufundisha kompyuta, na wengi mnatuheshimu kwa kutudanganya. Tukikosea mnatunyang'anya mkatufanyia, au mnatuambia "vizuri, bibi," kisha mnakonyezana. Acheni. Mimi nakataa, na nitakataa mpaka waniingize kaburini. Anayekukosoa amekuhesabu bado uko hai na bado una kazi ya kufanya. Na wewe, utakapokuwa mzee darasani, usijibu ndiyo wakati moyo unajua hapana, kwa sababu ujinga wako haukai kwako peke yako. Unaweza kumfika mtu aliyekuamini na barua yake. Kuhusu samaki, sitabishana na wahenga. Samaki akikauka hakunjiki tena. Lakini mimi si samaki, wala wewe hutakuwa.

Mungu akupe umri mrefu, na kila hatua ya umri huo akupe mtu asiyekuonea haya. Akujalie ulimi wa kusema sijui, na masikio ya kusubiri jibu. Amina.

Shikamoo yako niliipokea ulipokuwa mlangoni. Marahaba. Sasa keti hapa, washa hiyo kompyuta, unionyeshe nilipokosea.