Bunduki ya Guka Kwenye Ukuta

Kwetu kifungua mimba wa kiume anapewa jina la babu yake, mzazi wa baba. Hiyo haina mjadala. Ndugu yangu mkubwa alipewa jina la guka, babu yetu, hata la ubatizo likawa lile lile, na kama hiyo haitoshi akazaliwa na sura yake: paji, masikio ya kusimama, mwanya wa meno. Wazee wakimpata njiani walikuwa wanashtuka.

Guka alikufa akatuachia picha moja. Amesimama na kaptura ya jeshi la Mwingereza, ameshika bunduki, kabla wapelekwe vita ya Bama, yaani Burma, ile ya pili ya dunia. Mchwa walikuwa wameanza kuila pembeni. Mwaka wa tisini na kitu, ndugu yangu akaipeleka studio moja huko Karatina ipigwe upya na ikuzwe. Ikarudi inang'aa. Nyuma wakagonga stampu na tarehe, wakaandika jina la mteja. Tukaitundika sebuleni, mama akaifunika juu na kitambaa cha kushona.

Halafu duka la jumla pale sokoni likavamiwa na watu wa bunduki, na makarao, polisi wa kituo, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta bunduki. Kwetu walipindua magodoro, wakachungulia hata ndani ya ghala ya mahindi. Hakuna kitu. Walikuwa wanatoka wakati mmoja aliangalia ukuta. Akatoa picha, akageuza nyuma, akasoma. Akaitisha ndugu yangu kitambulisho. Jina moja. Sura moja. Tarehe ya mwezi uliopita.

"Hii bunduki iko wapi?"

Ndugu yangu akacheka. Alidhani ni mchezo. Kofi aliyopigwa ilinifanya nisimame, na mama akanivuta shati nikakaa tena. Wakaondoka naye, na picha pia.

Asubuhi yake tulienda kituoni, mama na mimi. Njia yote mama aliniambia kitu kimoja tu. "Mdomo yako, leo iache nyumbani." Alikuwa ananijua. Nilisema sawa. Kila mtu kwetu alikuwa anajua mtu aliyeingia pale akitembea vizuri na akatoka akibebwa.

Inspekta alikuwa na picha mezani. Mama akaeleza polepole, kwa heshima, kwamba huyo ni baba mkwe wake, marehemu.

"Mama, usinidanganye. Picha ni mpya. Na hiyo bunduki ni 303, bado iko kazini. Hata hapa tuko nayo."

Hapo mdomo ikatoka nyumbani ikanifuata.

"Afande, hiyo si kama yenu," nikasema. "Angalia mbele. Za siku hizi mtutu umechomoza kama kidole. Hii mdomo ni butu kama pua ya nguruwe. Hiyo ni ya zamani, ndiyo walibeba Bama. Na angalia nyuma ya guka, hiyo kitu ya miguu tatu. Si bomba ya maji. Ni bombomu, ile ya kumwaga risasi. Hiyo unene yote ni maji ya kuipoza, na huo mpira unaenda kwa debe. Nani leo anaiba duka na bunduki inakunywa maji?"

Nilikuwa nimesema haraka sana, na nikajiona mshindi. Kisha nikaona mama ameshika meza.

Inspekta aliweka kalamu chini. "Wewe kijana umejulia wapi bunduki hivyo?"

Ukweli ulikuwa rahisi na ulikuwa unasikika kama uongo. Nilikuwa nimefanya kibarua kwa bucha moja Nanyuki. Wanajeshi wazungu wa kambi ya pale walikuwa wanatupa jalalani magazeti ya picha za vita, mwenye bucha anayanunua kwa waokotaji kwa kilo kufungia nyama, na mimi naiba yale mazuri kabla yapate damu. Shule niliacha darasa la saba. Nilijifunza kwa kulinganisha picha na picha, na kamusi ya Kiingereza kando. Nikamwambia hivyo.

"Yalete hayo magazeti."

Nikaangalia mama. Alikuwa ameyachoma jana yake, yote, chini ya sufuria ya githeri, akiogopa wakirudi watayapata.

"Basi mkubwa ndiye wa kubeba bunduki," inspekta akasema, "na huyu ndiye fundi. Ingia nyuma, kwa seli."

Sajini mmoja mzee, ambaye alikuwa amekaa kwa dirisha, akamwomba inspekta angoje. Akaenda stoo, akarudi na 303 ya kweli. Akaifungua, akahakikisha ni tupu, akaifunga, akanirushia.

Niliikumbatia kama mtoto anayeanguka. Sikuwa najua bunduki ni nzito hivyo. Kwenye picha haina uzito.

"Ifungue, fundi."

Nilijua jina la kila chuma iliyokuwa hapo. Nikavuta ile komeo nyuma, ikakataa. Nikavuta tena kwa nguvu. Jasho ikaingia macho. Nilikuwa nikifikiri kwamba nikiiweza nimekwisha, na nikishindwa watasema naigiza. Vidole vikateleza, nikajikata kidole gumba, na bado haikufunguka.

"Unainua kwanza, mjinga," sajini akasema, na akaichukua. "Afande, huyu ni wa picha. Hajawahi kugusa."

Askari wawili wakaanza kucheka. Inspekta hakucheka. Aliangalia picha muda mrefu, ile bombomu na debe yake, kisha akasema mlete yule mwingine. Picha akabaki nayo.

Ndugu yangu alitoka akiwa amefura mdomo, bila mshipi. Tulipovuka barabara akanishika bega.

"Nani alikutuma kuongea?"

"Ulitaka nikuache hapo?"

"Nilitaka mama abaki na mmoja wetu."

Nikakaa kwa nyasi kando ya barabara. Alisimama juu yangu, akinikinga jua, mpaka nikaweza kuinuka.