Siku Kristiana Alipofuta Picha Zote

Kristiana alikuwa mchapaji wa shirika la umma hapa Sumbawanga mpaka shirika lilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake walifungua vilabu vya pombe. Yeye, mtoto wa wavuvi wa kijiji cha Wampembe kule ziwani, alinunua kompyuta, akaiweka chumba cha mbele cha nyumba yake mtaa wa Malangali na kuifunika kitambaa cha kufuma. Watu walimcheka. Halafu hao hao wakaanza kujaa mlangoni kwake kutaka barua za kuombea kazi na picha za paspoti.

Mimi sikusoma, na nimesomewa uongo mara nyingi. Kristiana hakunisomea uongo hata siku moja.

Mume wangu Clemens alipozidiwa na ugonjwa alimwita mjumbe wa nyumba kumi, wakaandika kwamba shamba la bondeni ni langu. Clemens hakujua kuandika, akabonyeza dole gumba. Baada ya msiba niliipeleka karatasi kwa Kristiana anitolee nakala. Akasema ataichapa upya, ipendeze.

"Na dole la marehemu utalichapa kwa herufi gani?" nilimuuliza.

Akacheka, akailaza kwenye mashine yake yenye taa, ikaingia kwenye kompyuta. Lakini wino wa kutolea karatasi ulikuwa umekwisha, unasubiriwa kutoka Mbeya. Nikarudi nyumbani na karatasi yangu. Jumapili shemeji yangu Baltazari akaja, akaomba aisome. Ni baba mdogo wa watoto wangu, ningemnyimaje? Akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka. Nilipoifuata, akaniuliza, "Karatasi gani, shemeji?"

Nikamshtaki, na baraza la kata likapanga kutusikiliza Alhamisi. Jumatano asubuhi nikaenda kwa Kristiana. Wino ulikuwa umefika, ila kompyuta ilikuwa imegoma.

"Imeshiba, mama Evansi," alisema. "Picha za watu zimejaa humu, harusi na vipaimara. Nazifuta zote kwa mkupuo."

Alinionyesha. Alizipanga faili kwa aina, barua zikakaa upande wao na picha upande wao. Akabofya picha ya kwanza, akashikilia kitufe, akabofya ya mwisho, zote zikageuka buluu. Akagusa kitufe kingine. Zikatoweka.

"Zimekwenda wapi?"

"Pipani, kwenye taka za humu ndani. Sasa nikilimwaga pipa, nafasi inapatikana."

"Na yangu?"

"Yako ni barua. Barua sijazigusa."

Akapeleka mkono kwenye kile kidude cha kubofyea. Mimi sijui kompyuta, lakini namjua Clemens, na nilikuwepo taa ile ilipopita juu ya dole lake.

"Kristiana, yangu hukuiandika. Uliipiga picha."

Mkono wake ukasimama. Akatazama orodha ya barua, akaishuka yote, akaipanda tena. Haikuwamo. Nikakaa kwenye benchi la wateja.

"Taka zetu tunachoma Jumamosi," nilisema. "Hizo zako umeshachoma?"

"Sijachoma, dada yangu. Tulia."

Akafungua pipa. Tuliona maharusi, watoto wenye mishumaa, mzee mmoja Msukuma na ng'ombe wake, na katikati yao karatasi yetu, mkunjo wake na doa lake jeusi. Kristiana akaichukua hiyo moja tu, akairudisha, akaiweka na kwenye disketi. Ndipo akamwaga pipa. Mashine ikazinduka, ikatoa karatasi nne.

"Nne za nini?"

"Moja ya baraza, moja yako, moja yangu. Na moja ya Baltazari, maana anapenda sana kusoma."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba.

Alhamisi mjumbe aliitazama nakala akasema ndiyo, huu ni mwandiko wangu, na hili ni dole la Clemens, nililishika mwenyewe. Baltazari alitazama viatu vyake. Shamba ni langu. Yeye sijamsamehe, wala hajaniomba. Lakini mwezi huu nimepanda ulezi bondeni, na usiku ninalala.